Bonde Tuliloliomba Likiwa Chini ya Maji

Wenzangu tuliosoma pamoja misheni, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake yaliyotupata katika safari ya Ruvu, na kila nilipoanza kuwaeleza, Karani Gaudensi alikuwa karibu. Mnamjua. Akisikia tu neno "safari" huvuta kiti, na akimaliza kusema watu huondoka wakiamini kwamba mafuriko yalipungua kwa sababu yeye aliyakemea. Kwa hiyo naandika, maana karatasi haiingiliwi kati.

Habari za vibali na kungoja mihuri bomani nitaziruka. Sikuzielewa nilipokuwa mle ndani, na nyinyi hamtazielewa mkiwa nje.

Kibuta, kabla ya kuondoka

Vuli haikunyesha kabisa. Masika nayo ikachelewa, na mawingu yaliyotokea yalipita juu yetu yakaenda kumwaga maji baharini, ambako hakuna aliyekuwa ameyaomba. Mahindi yalifika magotini yakasimama hapo, yakageuka rangi ya majani ya kuezekea. Kisima cha bondeni kikabaki shimo la udongo lenye unyevu chini, na wanawake wakawa wanakaa kulizunguka wakingoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe.

Tukaingia porini kuchimba viazi vya mwitu, vile ambavyo usipoviloweka siku kadhaa na kubadilisha maji mara kwa mara vinakutia kizunguzungu, na ukizidisha vinakuua. Mkifikiri vizuri mtaona jinsi mambo yalivyopangwa. Chakula cha wakati wa ukame kinataka maji kuliko chakula kingine chochote. Jirani yangu aliviloweka kwa maji machache akaona vinatosha, na jioni ile nyumba nzima ililala chini ikitapika. Mtoto wake mdogo hakuamka tena. Baada ya hapo kicheko kilipungua Kibuta, na nitakapocheka huko mbele mkumbuke kwamba tulianzia hapo.

Mume wangu Zakaria alikuwa ameshakwenda Dar es Salaam kubeba magunia bandarini. Wanaume wengine walikuwa wanafunga mizigo yao. Ndipo kikaitishwa kikao, na mtu akakumbuka kwamba marehemu mama yangu alikuwa wa Ruvu, na kwamba wajomba zangu wana bonde kando ya mto ambalo halijapata kukauka tangu watu walijue. Ikaamuliwa twende kuwaomba watugawie sehemu ya kulima kabla msimu haujatupita, la sivyo kijiji kitatawanyika.

Wakachaguliwa wajumbe. Mzee Kondo alichaguliwa kwa sababu ni kaka mkubwa wa jumbe na kanzu yake haikuwa na kiraka. Karani Gaudensi alichaguliwa kwa sababu alifanya kazi bomani miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa sababu hakukuwa na njia ya kumzuia. Mimi, ambaye wajomba ni wangu, niliambiwa niende kuwapikia. Nikauliza nitawapikia nini. Kikao kikaahirishwa.

Kibuta hadi Kisarawe, kwa miguu

Tuliondoka alfajiri na kibuyu cha maji, muhogo mkavu kidogo na mkeka. Mzee Kondo ana desturi nzuri ya kupiga hodi kila nyumba anayoifahamu, na anazifahamu zote. Tatizo ni kwamba mwaka ule hodi ilikuwa imebadilika maana. Nyumba ya kwanza tulisikia harufu ya kunde kabla hatujafika uani. Tulipopiga hodi tukasikia ndani vyungu vinasogezwa, kisha mwenye nyumba akatoka akifuta mdomo na kutusalimu kwa furaha nyingi mno. Akatueleza kwamba hawajala tangu jana. Mzee Kondo akampa pole. Karani akamweleza kwamba serikali inalifahamu jambo hilo. Tukakaa tukizungumza habari za wagonjwa na za ndoa, na muda wote huo kunde ziliendelea kunukia chini ya ungo uliofunikwa kwa kanga.

Sikumlaumu. Tungekuwa sisi tungeficha vizuri zaidi, tungezima na moto.

Ilikuwa hivyo nyumba hadi nyumba, mpaka karibu na Kisarawe, ambako bibi mmoja wa Kiislamu ambaye hakutujua hata kwa sura alituita kutoka kibarazani kwake. Alikuwa na embe mbichi zilizokatwakatwa na chumvi. Tukasema shikamoo, akaitikia marahaba, akatusogezea bakuli, akatuangalia tunavyokula bila kutuuliza tunakotoka. Mzee Kondo alianza kumweleza ujumbe wetu. Bibi akamwambia ale kwanza. Nadhani ndiyo hotuba fupi kuliko zote niliyoisikia safari nzima.

Kisarawe tukakuta umati umezunguka lori la serikali na watu wanaitana kwamba mihogo imekuja. Mihogo ilikuwa imekuja kweli, ila ni miti yake. Lori lilikuwa limejaa fito za muhogo za kupanda, zimefungwa vitita vitita, hakuna hata kipande cha kutafuna. Mtu mmoja aliyekuwa mbele hakuamini, akauma fito. Bwana Shamba, kijana wa Kizungu mwenye miguu mirefu na soksi ndefu zaidi, alikuwa amesimama juu ya lori akiutazama umati ule kwa furaha. Mkalimani wake, aliyeitwa Feruzi, alitueleza baadaye kwamba Bwana Shamba alisema hajapata kuona watu wanaopenda kilimo kiasi hicho.

Lori lilikuwa linakwenda Mlandizi. Karani akamwendea Bwana Shamba kwa Kiingereza chake, akainama, akavua kofia, na mwisho wa maneno tukaruhusiwa kupanda juu ya zile fito.

Kisarawe hadi Kibaha, juu ya fito

Fito za muhogo zina vifundo. Sitasema zaidi, ila Mzee Kondo alianza safari amekaa kama kaka wa jumbe na alipofika alikuwa amepiga magoti kama mtu anayeungama.

Njia ilikuwa mchanga mtupu. Lori lilizama, tukashuka tukasukuma, likatoka, likazama. Katikati ya pori rejeta ikaanza kupiga mvuke. Dereva akafungua kifuniko, akaruka nyuma, akangoja, kisha akatutazama sisi. Kibuyu chetu kilikuwa na maji ya kunywa ya watu watatu. Nikakificha chini ya kanga kama yule mwenye kunde. Karani akanikumbusha kwamba ni gari la serikali, na kwamba gari likifa porini na sisi tutakufa, kwa hiyo kulinywesha gari ni kujinywesha wenyewe. Hoja ilikuwa nzuri. Gari likanywa kibuyu kizima na halikusema ahsante, nasi tukafika Kibaha ndimi zimetukauka.

Kibaha ni vibanda kando ya barabara, mikorosho, na hoteli moja ya Mwarabu iliyokuwa na chai ya rangi isiyo na sukari na mkate wa juzi. Maji huchotwa mbali. Tulikunywa chai ile kana kwamba ni ya harusi. Bwana Shamba akapigiwa hema, na mbele ya hema wapagazi wake wakakunjua kitu cha turubai chenye miguu ya mbao. Wanawake wa hapo walikisogelea wakidhani ni kitanda cha mgonjwa. Kilikuwa beseni la kuogea.

Ndoo zikaanza kuletwa. Tuliyahesabu maji yale kwa macho yalipokuwa yanapita, watu wote wa Kibaha na sisi wageni, kimya kabisa, kama watu wanaotazama jeneza. Bwana Shamba akaoga. Tulimsikia akiimba. Alipomaliza, mpishi wake akabeba beseni ili akalimwage nyuma ya mikorosho, na mama mmoja akamzuia kwa adabu akaomba ayachukue yeye. Nyuma yake kulikuwa na wengine wenye vyungu. Wakagawana yale maji ya sabuni ya kunyweshea mbuzi na kufulia nepi.

Nilimwuliza Feruzi Bwana Shamba anakwenda Mlandizi kufanya nini. Akaniambia anakwenda kuwafundisha watu jinsi ya kutunza maji.

Kibaha hadi Mlandizi, na neno tulilolielewa vibaya

Asubuhi iliyofuata njia ikawa imara kidogo chini ya magurudumu na tukaenda vizuri. Kabla ya Mlandizi tukaanza kupishana na watu wanaokuja upande wetu. Walikuwa na mikeka vichwani, kuku mikononi, na mzee mmoja alikuwa amebeba mlango. Mlango wa mbao, na komeo lake.

Mzee Kondo akawasalimia kwa sauti kutoka juu ya fito akawauliza kama huko watokako kuna maji.

"Maji?" akasema yule mwenye mlango. "Maji yapo mengi."

Mzee Kondo akamshukuru Mungu. Akauliza kama yanafika mashambani.

"Yanafika mpaka kitandani," akajibu, akaendelea na safari yake.

Tulifurahi sana. Nawaapia tulifurahi. Mzee Kondo alieleza kwamba kwa lugha ya watu wa bondeni kufika kitandani ni kusema yako karibu na nyumba, na Karani akaongeza kwamba bila shaka serikali imewachimbia mifereji. Tukaanza kugawana bonde tukiwa bado juu ya lori: Mzee Kondo alitaka upande wa jua linakotoka, Karani alitaka karibu na njia. Mimi nilikuwa nawatazama watu wanaopita, na nikaona kwamba kanga za wanawake zina alama ya maji hadi kifuani na zimekaukiwa na tope. Nikasema. Wakaniambia watakuwa wametoka kuvua samaki.

Na mlango, nikauliza. Wakaendelea kugawana bonde.

Mlandizi, siku ya baraza

Mlandizi yote ilikuwa imejaa watu waliotoka mtoni. Walikuwa chini ya miti, kwenye mabaraza ya maduka, sokoni, kila mmoja amekaa kando ya kile alichokiokoa. Hapo ndipo tulipoelewa. Mvua iliyotukimbia sisi ilikuwa imeinyeshea milima ya Uluguru usiku na mchana, na mto ukaileta yote kwa mara moja mpaka kwenye mashamba na nyumba za Ruvu. Hapo Mlandizi penyewe hapakuwa na tone. Walikuwa wamefurikiwa na mvua ambayo hawakuiona.

Bwana Shamba naye aliona, maana macho alikuwa nayo. Lakini hotuba aliyokuja nayo ilihusu ukame, na baraza lilikuwa limeshatangazwa. Akapanda juu ya sanduku. Akasema kwamba tatizo la nchi hii ni watu kutojiandaa. Feruzi akatafsiri. Akasema kila kijiji lazima kichimbe bwawa la kuhifadhi maji. Feruzi akawatazama watu wale, wengine wao bado wanakamua nguo, akameza mate, akatafsiri.

Mzee mmoja mwembamba akasimama nyuma kabisa. Akasema wamesikia na wanashukuru, ila wangependa kujua bwawa hilo waliite nani, kwa sababu hawajalichimba na limeshajaa.

Watu waliangalia chini. Feruzi akamwambia Bwana Shamba kwa Kiingereza, na Karani akatunong'oneza, kwamba wazee wanauliza bwawa lao walipe jina gani. Bwana Shamba uso ukamng'aa. Akasema walipe jina la Mfalme.

Yule mzee mwembamba akashukuru akakaa. Nikamtazama vizuri, kwa sababu ile ilikuwa sauti ya mama yangu katika mwili wa mwanamume. Alikuwa Mjomba Mwinshehe.

Baraza lilipokwisha nikamwendea nikamwamkia. Alinishika mikono yote miwili, akasema hakuamini, kwa sababu kesho yake alikuwa anaondoka na wazee wenzake kuja Kibuta kunitafuta. Nikauliza kuna nini Kibuta. Akasema kuna vilima. Walikuwa wamekata shauri waje kuwaomba wakwe na ndugu zao Wazaramo ardhi ya juu, isiyofikiwa na maji.

Mzee Kondo, ambaye hakuwa amesikia hayo, akafika wakati huo amenyoosha kanzu yake, akaanza maneno yake ya kuomba. Mjomba naye, akidhani mgeni ndiye mwenyeji aliyefuatwa, akaanza ya kwake. Walisema kwa pamoja, kila mmoja akimpa mwenzake heshima, kila mmoja akiomba chakula na ardhi kutoka kwa mtu mwenye njaa kama yeye, mpaka wote wawili wakanyamaza wakatazamana.

Ni watani, mnajua, kwa hiyo waliokolewa na utani. Mjomba akasema alijua Wazaramo ni wavivu, lakini hakujua wanaweza kusafiri njia yote hiyo kuja kuombaomba kwa watu waliozama. Mzee Kondo akasema angemjibu, ila anaogopa kumlowesha zaidi. Wakacheka, kisha wakakaa chini wakaongea kama watu wazima. Maji ya mto hupungua na kuacha tope jeusi, na tope lile likipandwa mara moja linatoa mpunga na mahindi bila kungoja mvua. Lakini watu wa Ruvu hawakuwa na nyumba wala nguvu ya kulilima lote, na waliogopa maji kurudi. Sisi tulikuwa na vilima na mikono. Basi sisi tushuke tulime tope, wao wapande wajenge na kupanda muhogo kwetu, na mavuno ya pande zote mbili yagawanywe.

Bonde likagawanywa pale pale kwa kijiti mchangani. Karani alichora mstari kutoka mkuyu hadi mtoni kwa ustadi mkubwa.

"Mjomba," nikasema, "na mkaza mjomba amesemaje?"

Mjomba akatazama upande mwingine. Nawakumbusha kwamba kwa watu wa mama yangu ardhi hupita kwa wanawake. Bonde lile lote kutoka mkuyu hadi mtoni halikuwa la Mjomba Mwinshehe. Lilikuwa la mkewe, Bi Mwanaidi, aliyelipata kwa mama yake. Nikauliza yuko wapi. Mjomba akasema yuko shambani.

Shamba lilikuwa chini ya maji. Nikamwuliza tena, polepole. Akasema yuko juu ya dungu.

Ruvu, kwa mtumbwi

Dungu ni kile kibanda cha juu ya miti ambako watu hukaa kufukuza ndege wasile mpunga. Kimejengwa kumbeba mtu mmoja na kombeo lake. Bi Mwanaidi alikuwa amepanda na kuku wake, moto ndani ya chungu, na magunia ya mbegu za mpunga, akakataa kushuka. Na Mjomba akamwacha huko akaja Mlandizi kumtafutia ardhi salama. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba hilo ni pendo kubwa.

Tukatoka na mvuvi mmoja na mtumbwi wake: Mjomba, mimi, na Karani Gaudensi, ambaye alisema lazima awepo mtu wa kuona mambo kwa niaba ya Kibuta. Mzee Kondo alibaki kulinda mkeka. Ule mto sikuujua tena. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa haraka bila sauti, na juu yake zilipita nazi, kinu, na paa la kibanda likiwa na paka. Mvuvi alikuwa akitega sikio kila mara kwa ajili ya viboko, na alipotuambia tunyamaze tulinyamaza, hata Karani.

Dungu tulilikuta limeinama. Mguu mmoja ulikuwa umechimbwa na maji. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa juu yake miguu ikining'inia, mwanamke mnene mwenye nywele nyeupe, anatafuna kitu.

Nikamwamkia kutoka mtumbwini. Akaitikia, akauliza habari za Kibuta, nikasema nzuri. Mjomba akamwambia ashuke.

"Mwambie mjomba wako," akaniambia mimi, "nikishuka hapa, nikirudi nitakuta mwenyewe mwingine."

Na mimi, wenzangu, nilikuwa nimetoka kuona mstari wa Karani mchangani. Ningeweza kunyamaza. Mvuvi alikuwa ananiashiria ninyamaze, kwa sababu ule mguu wa dungu ulikuwa unalia. Lakini nikamfikiria anashushwa, anafika Mlandizi, na kukuta limeshafanyika. Nikamwambia yote: kwamba kwetu tunakufa kwa kiu, kwamba mtoto wa jirani amekufa, kwamba tumekuja kuomba bonde, na kwamba wanaume wameshaligawa bila yeye, kwa kubadilishana na vilima vyetu.

Aliacha kutafuna. Akamtazama Mjomba kwa mara ya kwanza, na Mjomba akawa anasoma maji.

"Wamegawa mpaka wapi?" akauliza.

"Kutoka mkuyu hadi mtoni."

"Ndilo lote."

"Ndiyo, mkaza mjomba."

Akautazama mkuyu muda mrefu kuliko dungu lilivyoweza kuvumilia. Kisha akasema, bila hasira, kwamba mwenye kiu akiomba kwa adabu hanyimwi, lakini yeye hajaombwa. Basi nikamwomba. Nilipiga magoti ndani ya mtumbwi, jambo ambalo mvuvi hakulipenda hata kidogo, nikamwomba kwa jina la mama yangu. Akasema atajibu akishaona kwa macho yake hicho alichobadilishiwa. Ataenda Kibuta mwenyewe. Lakini mbegu zitatangulia, kwa sababu tope bila mbegu ni tope.

Akaanza kuyashusha magunia. Gunia la kwanza likaingia, la pili likaingia, na maji yakaanza kutazama ndani ya mtumbwi. La tatu lilikuwa bado mikononi mwake. Mvuvi akasema ama gunia ama mtu. Wote tukamgeukia Karani Gaudensi.

Toleo la Karani mmelisikia, kwamba alijitolea kubaki ili alinde mipaka. Mimi nilikuwepo. Alisema neno moja la Kiingereza, akashikwa kwapa na Mjomba na mvuvi, akawekwa kwenye tawi la mti uliokuwa karibu, amekumbatia shina na kofia mdomoni. Gunia likachukua nafasi yake. Bi Mwanaidi akashuka mwisho na kuku wake, na hatukuwa tumekwenda mbali tuliposikia dungu linavunjika nyuma yetu, taratibu, kama mtu anayekaa chini baada ya kazi. Hakugeuka kulitazama. Alikuwa ameshika gunia kwa mikono yote miwili.

Karani tulirudi kumchukua. Alituambia kwamba ameona mengi.

Kurudi

Fito za muhogo zilikuwa zimerundikwa Mlandizi kando ya barabara. Zilikuwa zimeandikiwa Ruvu, na Ruvu hakukuwa na pa kuzipanda. Feruzi alimwomba Bwana Shamba lori lizirudishe Kisarawe, kwenye vilima, ambako watu wa Ruvu wangekwenda kuzipanda. Bwana Shamba akasema zimetolewa kwa ajili ya Ruvu na zitabaki Mlandizi. Lori likarudi tupu. Tukazibeba vichwani, sisi na watu wa Ruvu, msafara mrefu wa watu na vifundo, na yule mzee mwenye mlango tulimkuta Kibaha akaungana nasi, mlango na vyote. Baadaye nimesikia kwamba huko juu serikalini mpango ule wa kupeana mashamba umesifiwa sana, na kwamba Bwana Shamba amepongezwa kwa kuubuni.

Mwarabu wa Kibaha alitupa chai na safari hii alikuwa na sukari. Bi Mwanaidi njia nzima hakusema neno na Mjomba. Alitembea mbele yetu, akiuliza jina la kila kijito kikavu tulichokivuka, na Mzee Kondo, ambaye kwanza alikuwa anatembea mbele yake, akajikuta anatembea nyuma akimjibu.

Tulifika Kibuta mchana. Watu walitoka kutupokea na wakawa wanatazama magunia, nami nikawaambia kwa sauti kwamba ni mbegu, yasiguswe, na shamba bado hatujapewa. Wengine walinung'unika. Mzee Kondo akataka kumpeleka Bi Mwanaidi barazani kwa jumbe, ambako mkeka ulikuwa umetandikwa na maneno ya kumkaribisha yametayarishwa. Bi Mwanaidi akasema angependa kwanza kunawa miguu, akauliza kisima kiko wapi.

Nikamwongoza mimi, na wengine wakatufuata kwa mbali. Wanawake walikuwa wamekaa kuzunguka lile shimo kama kawaida, vyungu vimepangwa kwa zamu, na mmoja alikuwa ndani anakwangua chini kwa kifuu. Jirani yangu aliyefiwa alikuwa kati yao. Bi Mwanaidi alisimama ukingoni. Miguu yake bado ilikuwa na tope la Ruvu. Alitazama ndani, akamtazama yule wa chini mpaka kifuu kikajaa, na hakikujaa upesi.

Mzee Kondo, nyuma yangu, akaanza kusema jambo kuhusu vilima vyetu. Nikamshika mkono akanyamaza.

Bi Mwanaidi akaniomba chungu. Nikampa cha kwangu. Akauliza nani wa mwisho, akaonyeshwa, akaenda akakaa nyuma yake.